Tovuti ya kukokotoa umbali wa ndege: uzoefu wangu, Unguja hadi Pemba

Kwa umbali, tovuti hii naiamini. Kwa muda wa safari, hasa kati ya visiwa, usiitegemee.

Naishi Ujiji, Kigoma. Dada yangu kaolewa Chake Chake, Pemba, na Mama alitaka kwenda kumwona mjukuu. Ndege haogopi, anaogopa maji. Swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, juu ya bahari tutakaa muda gani?" Nikafungua tovuti, nikaandika Unguja na Pemba. Jibu likaja papo hapo: kilomita 126, dakika 9.

Hiyo 126 haina tatizo. Tovuti inachukua kiwanja cha Abeid Amani Karume, Unguja, na kile cha Pemba, kisha inapima njia fupi kuliko zote kwa kufuata mviringo wa dunia. Utaona pia maili 78 na maili za baharini 68. Usishtuke, umbali ni uleule. Maili ya baharini ni ndefu zaidi, kilomita 1.852. Kwa sisi wa huku, kilomita hizo 126 ni kama kutoka Kigoma mpaka Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Mama nilipomwambia hivyo alielewa mara moja.

Dakika 9 ndizo zenye kasoro. Kaka yangu, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, alipoziona akauliza: "Ndege ya aina gani hiyo?" Tovuti haiulizi. Kwake kila ndege ni jeti la kilomita 800 kwa saa, tangu magurudumu yanapoachia lami mpaka yanapoigusa tena. Sisi tulipanda Cessna Caravan, kindege cha injini moja, mwendo wake kilomita mia tatu na kitu. Kuna na muda wa kupanda, kushuka na kuzunguka kujipanga na kiwanja. Ilikuwa kama nusu saa, Mama akiangalia saa yake njia nzima.

Kilichonifurahisha zaidi ni ramani, na nashangaa wameificha chini kabisa ya ukurasa. Kuza ule mstari uutazame vizuri: kipande cha mwanzo kinapita juu ya Unguja yenyewe, kinatokea baharini upande wa kaskazini-mashariki, na kipande cha mwisho kiko juu ya Pemba. Bahari tupu ni karibu nusu ya njia. Nilimwonyesha Mama kwenye simu kabla ya kukata tiketi, akavuta kwa vidole vyake mwenyewe, akasema, "Haya, kata."

Kumbuka pia kwamba hesabu inaishia kiwanjani. Kama unakwenda Wete au Mkoani, bado una safari ya gari.

Naipa nyota tano kwa umbali na ramani, mbili kwa muda. Wakiweka sehemu ya kuchagua aina ya ndege, nitarudi kubadilisha hizo mbili.