Kugawana waifai na ofisi ya jirani: nimetumia TP-Link CPE510 miezi saba

Sie tuna kiofisi cha kliaringi, kutoa mizigo bandarini, Mji wa Kale Mombasa, upande wa Ndia Kuu, watu wanne tu, na faiba tunayolipia hata nusu yake tulikuwa hatuimalizi. Ng'ambo ya kichochoro kuna jamaa wa tiketi za Umra, akaja siku moja akaniambia kaka, mie bando laniisha kabla ya adhuhuri kila siku, mbona tusichange? Nikaona kweli, bili ni elfu tano, kila mtu mbili na nusu. Nikapigia kwanza kampuni kuuliza kama mkataba waruhusu, maana wengine hawataki kabisa.

Kosa langu la kwanza nikanunua ekstenda, kile kidude cha kusogeza waifai mbele, cha kuchomeka kwenye soketi. Pesa ya bure. Nyumba zetu hizi ni mawe ya matumbawe, ukuta kama nusu mita, ukiingia chumba cha ndani hata simu yenyewe yapapasa netiweki sembuse waifai. Waifai ya mawimbi ya 5 GHz haivuki kabisa, ya 2.4 yavuka ikichechemea.

Fundi ndo alonifungua macho, akasema usipigane na ukuta, toka nje. Tukachukua CPE510 mbili, zile antena nyeupe za kufungwa nje za kurushiana netiweki, moja dirishani kwetu na nyengine kwake zikitazamana, hatua ishirini hivi. Umeme zapata kwa waya ule ule wa netiweki, kwa hiyo nusu siku kazi ishakwisha. Tukazipunguzia nguvu pia, maana hizi zatengenezwa za kupiga kilomita kadhaa, kwa hatua ishirini ni kama kumpigia kelele mtu alokaa ubavuni mwako. Boksi laandika kasi ya Mbps 300, usifurahi sana, tundu la waya ni la 100, lakini laini yetu ni 20 kwa hiyo hainiumizi kichwa. Haijawahi kukatika, hata mvua za Mei.

Ilokatika ni subira yangu. Wiki ya kwanza tu, meli ishafunga gati, mie niko na entri ya forodha yazunguka tu yazunguka tu, kumbe kijana wa jirani ashusha tamthilia ya Kituruki msimu mzima! Sikugombana na mtu, nikaingia kwenye ruta nikamwekea mwisho Mbps 8, na nikamtengea netiweki yake mbali ili kompyuta zake zisione printa wala mafaili yetu, hilo usiliruke kama una karatasi za wateja.

Skrubu nilinunua za rahisi, mwezi wa tatu zishaota kutu kwa chumvi ya bahari, weka za stenlesi. Na stima ikipotea kwangu, jirani naye netiweki yamzimikia hata kama kwake stima yawaka, ikabidi tuchange tena kijibetri cha ruta.

Sasa fundi cherehani wa chini naye aulizia. Nimemuuliza kwanza, wewe waangalia tamthilia?