Mshauri wa saikolojia hapa Mbeya mjini, nampa nyota 4

Jamani mimi mwezi mzima najiona kama nimekaa pembeni najiangalia, yaani nipo dukani Mwanjelwa namhesabia mteja chenji halafu mikono naiona kama sio yangu, sauti yangu naisikia kama redio ya jirani. Shangazi akasema nimechezewa 😅 Nikaenda kwa huyu dada mshauri, akanisikiliza wee mpaka mwisho, akanambia inaitwa dipasonalaizesheni na sio wehu, maana mwenyewe unajua fika mikono ni yako ila hauihisi tu, na wasiwasi au kukosa usingizi vinaweza kuileta, bangi pia (hapo akaniangalia, mi sivuti dada). Watu wengi kumbe inawapata kidogo ikapita, ikigoma kuondoka ndo inataka matibabu ya mazungumzo.

Akanipa zoezi, ikianza nataja vitu 5 ninavyoona, 4 ninavyogusa, 3 ninavyosikia. Juzi imenikuta nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi, nikaanza kutaja, nikafika kwenye joto la kikombe nikarudi.

Nyota moja nimeikata kwa kunisubirisha lisaa zima kwenye benchi la koridoni, na baridi hii ya Julai!