Piyeje ya nzi wa maembe: inakamata kweli, lakini si vile banakuambia ku duka

Bandugu ba Lubumbashi wenye kuwa na miembe mu parsele, hii ni ya kwenu. Saizo iliyopita nilinunua ile piyeje (mutego) ya plastiki ya njano yenye banauzisha sasa mu maduka ya dawa za shamba, na juu batu bengi bananiuliza kama inafaa ao ni bongo tu, naandika hapa mara moja nipumzike.

Nyota tatu juu ya tano. Piyeje yenyewe ningeipa ine, duka njo limekula moja.

Ni kabokali kenye mfuniko wa njano na matundu pembeni, ndani munatundikwa kapande ka mbao kamelowa dawa. Ile dawa inaitwa methyl eugenol, inanukia karibu na karafuu, na nzi dume wa maembe akiisikia hata kwa mbali hawezi kujizuia, anaingia, anagusa sumu, anaanguka. Nasema ule nzi wa Asia, Bactrocera dorsalis, mwenye balimuona mara ya kwanza Afrika mu 2003 ku Kenya (Kenya inchi, si komini yetu) na tangu pale amekula bara karibu lote. Nilitundika asubuhi mu mwembe wa nyuma ya nyumba, mangaribi tayari nzi balikuwa ndani. Ukifungua uangalie vizuri utabatambua: kifua cheusi chenye mistari miwili ya njano, tumbo la kahawia na alama kama herufi T, mabawa ya kuangaza. Hawa si nzi ba chooni.

Sasa shida. Kijana wa duka aliniambia hivi: "Mama, tundika tu hii, hautaona tena kadudu mu embe." Ee, wapi! Ile dawa inaita dume peke yake. Mwenye kutoboa embe ni jike, na jike hana habari na hiyo harufu yako. Anakuja anatoboa ngozi, anaacha mayai ndani, kisha siku moja ao mbili tududu tweupe tunatoka tunaanza kula. Kwa inje utaona tu katundu kama ka sindano na katone ka utomvu kamekauka pembeni, ukigusa unasikia pamelegea, ukipasua mbele ya bageni ni haya, maana tukishakomaa tunajikunja na kuruka mpaka ku meza. Ni kweli dume bakipungua sana jike batakosa wa kubapanda, lakini dume moja anatosha majike mengi, kwa hiyo piyeje moja mu parsele moja, na kartie nzima imejaa miembe, ni kufagia mbele ya mlango na upepo unavuma. Majirani watano sita mukitundika pamoja, hapo ni habari ingine. Duka halisemi hivyo, sijui kwa nini, lingeuzisha nyingi zaidi!

Kwangu faida kubwa ilikuwa kujua wakati. Miembe yetu inatoaka maua mu baridi, mwezi wa sita mpaka wa nane, joto la mwezi wa tisa na wa kumi matunda yanajaa, halafu mvua ikishika mwezi wa kumi na moja nzi banaongezeka vibaya sana. Niliona mu kabokali: wakati wa vumbi tunzi tuchache tu tumekauka chini, mvua za kwanza zikapiga, kakajaa mpaka nikawa namwaga na kijiko. Kuanzia pale tulianza kuokota kila embe lenye kuanguka, asubuhi na jioni, batoto bananung'unika lakini baliokota. Ile hautupi ku jalala, juu tududu tunatoka mu embe tunaingia mu udongo kugeuka nzi, utakuwa umebahamisha tu. Unajaza mu sashe nyeusi, unafunga kabisa, unaacha ku jua siku kadhaa, ao unachimba shimo refu kupita nusu mita. Embe la mapema karibu lote tulilila safi. La mwisho wa saizo, lile la mwezi wa kwanza, tulizika mengi. Na kama uko na mupera karibu ya mwembe ujue maembe yakiisha nzi banahamia kwenye mapera, kwa hiyo usiondoe piyeje haraka.

Jike naye ana dawa yake, ni chakula cha protini chenye kuchanganywa na sumu kidogo, anakitafuta ili mayai yake yakomae. Ku Nairobi bachunguzi ba icipe, kituo cha kuchunguza badudu, balikitengeneza na chachu yenye kubaki mu kiwanda cha bia. Hapa kwetu bia ya Simba inapikwa kila siku, chachu haiwezi kukosa, mwenye kichwa cha biashara anangoja nini? Ku maduka nilizunguka sikukipata.

Kasoro ingine ni siafu. Balipanda ku kamba bakaanza kubeba nzi bafu moja moja, nikidhani piyeje haikamati kumbe chakula kinatolewa kwa nyuma. Pakaa grisi kwenye waya, basi. Tundika mu kivuli, kupita kichwa cha mtu mzima, batoto basifikie maana ile mbao iko na sumu ya kweli, na karatasi yenye kuandikwa maonyo iko ya Kichina na Kiingereza tu, mama wa Katuba ataisoma namna gani?

Bei nililipa 15.000 franka, si mbaya. Lakini kale kambao kanachoka kisha mwezi moja na nusu ao miwili, jua na mvua bikizidi hata mbele ya hapo, na duka halina ka kubadilisha, wananiambia nunua bokali mpya nzima, wakati ya zamani iko bado muzima kabisa. Nikakatala. Kijana wa duka akasema basi mama, ngoja gari ya Kasumbalesa ifike, labda batakuwa baleta tumbao peke yake. Mwenye anajua duka yenye kuwa nato aandike hapa chini na bei, niko nauliza mbele ya maua.