Matairi ya safari ya porini kutoka Dodoma: yapi ununue kwanza, yapi uyaache

Mtu akipanga kwenda porini siku nne au tano, fedha huanza kwenda kwenye vitu vinavyoonekana: keria, taa za ziada, winchi, hema la kufunga juu ya gari. Matairi husubiri mwisho na hununuliwa kwa chenji iliyobaki. Nakuomba ugeuze mpango huo. Kwenye njia zetu za Kanda ya Kati, tairi ndilo linaloamua kama utarudi siku uliyoahidi nyumbani, au utalala korongoni ukisubiri bodaboda imlete fundi.

Kabla ya duka, fikiria ardhi. Lami ya Dodoma hadi Babati imeshakamilika, kwa hiyo Kondoa na Kolo unafika kwa gari lolote. Pori linaanza ukiiacha lami: Kolo kuelekea Pahi upande wa michoro ya miambani, vilima vya Haubi vilivyoliwa na mmomonyoko, au magharibi kuelekea pori la akiba la Swagaswaga. Mpwapwa hadi Kibakwe ni mawe na miinuko. Kusini mwa Itigi ni vichaka vizito na visiki. Bahi, mto Bubu unakomwaga maji yake, ni udongo mweusi wa mbuga ambao kiangazi hupasuka na masika hunata. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Miezi mingine yote adui zako ni miiba ya migunga, mawe makali na mchanga wa makorongo. Mpangilio wangu umetokana na hesabu hiyo.

1. AT la mwili mzito

AT ni tairi la njia mchanganyiko: kashata zake (vinundu vya mpira vinavyogusa ardhi) zimeachana vya kutosha kushika changarawe na mchanga, lakini bado linatulia kwenye lami. Hapa usiishie kwenye herufi AT, maana saizi moja huweza kuuzwa kwa miili miwili: wa kawaida, na mzito wa magari ya mizigo, ambao saizi yake huandikwa na herufi LT mwanzoni au C mwishoni. Chukua mzito. Jiwe la Kibakwe halipasui kashata, linapasua ubavu, na ubavu uliochanika hauzibwi barabarani na fundi yeyote. Matairi mengi yana maandishi madogo ubavuni yanayotaja idadi ya tabaka. Ukiona SIDEWALL 3 PLIES, hilo ni gumu kuliko lenye 1 au 2. Muuzaji akikuambia "hili ni gumu sana kaka", mwombe tochi mlisome pamoja.

BFGoodrich All-Terrain KO2 hutajwa sana katika kundi hili, na ubavu wake unastahili sifa hiyo. General Grabber AT3 na Yokohama Geolandar A/T nayo ni ya kuaminika, ila hutengenezwa kwa miili yote miwili, kwa hiyo soma ubavu kabla ya kulipa. Kasoro ya mwili mzito ni uzito wenyewe: gari hula mafuta kidogo zaidi, na lisipokuwa na mzigo hurusharusha.

2. 7.50R16 la tyubu, kwa wenye Land Cruiser hardtop

Wengi huona haya kulitaja kwa sababu linaonekana la kizamani. Mimi naliweka la pili bila kusita. Ni jembamba, refu, lina tabaka nyingi, na tyubu yake inazibika kijijini kwa gundi, kiraka na pampu ya mkono. Kwa safari ya siku nyingi mbali na mji, tairi linalotengenezeka popote lina thamani kuliko tairi zuri ambalo mtambo wake wa kulifungua upo Dodoma mjini tu. Beba tyubu mbili mpya. Kwenye mchanga halielei kama tairi pana, na kwenye lami yenye maji punguza mwendo. Kama rimu zako ni za pete (pete ya chuma ndiyo inayolishikilia tairi), asiyejua asizifungue: pete ikiruka wakati wa kujaza upepo inaua.

3. AT la mwili wa kawaida

Hili ndilo chaguo la wenye RAV4, Escudo na X-Trail, ambao saizi zao si rahisi kupatikana kwa mwili mzito. Linatosha Kolo, Haubi na njia nyingi za vumbi, mradi usilundike mzigo. Soma namba ya uzito iliyo baada ya saizi: 100 ni kilo 800 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120. Maji lita 60 ni kilo 60, ndoo mbili za dizeli za lita 20 ni zaidi ya kilo 30, kisha weka watu watano na jiko. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya safari.

4. HT jipya

Ni tairi la barabara, mara nyingi lile lililokuja na gari. Kiangazi, kwenye vumbi lililochongwa na greda, linafika. Likiwa na alama ya M+S (tope na theluji) usidhani limeandaliwa kwa tope, kwa sababu alama hiyo hupewa hata matairi ya kawaida kabisa. Kama tayari unayo mazima, usiyauze. Ongeza spea ya pili.

5. MT, la tope

Najua hapa nitapingwa. Tairi la tope linapendeza, na kuna mahali hakuna mbadala: Bahi mwezi Februari, udongo mweusi ukijaza kashata za AT, gari lako linateleza tu bila kushika. Anayeishi au kufanya kazi huko masika alipandishe hadi namba moja. Lakini safari nyingi kutoka Dodoma huanza na lami ya saa nzima au zaidi, na kwenye lami MT linanguruma, linaisha haraka na linachelewa kusimama mvua ikinyesha. Mwiba nao hauogopi kashata ndefu, unaingia katikati yake.

6. Yaliyotumika kutoka nje

Usiyapeleke porini. Kashata zinaweza kuonekana nzima huku mpira umezeeka. Tafuta herufi DOT na namba nne za mwisho: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Watengenezaji wengi hawataki tairi litumike kupita miaka 10 tangu lilipotengenezwa, hata kama halijagusa barabara, na kwa jua letu mimi nisingengoja hata sita. Kagua hata yale mapya dukani, kwa sababu lililokaa juani nje ya duka miaka mitatu limeshapoteza sehemu ya umri wake.

Ukishanunua

Fedha ikitosha matairi manne tu, ngoja upate la tano la saizi ileile. Safari ya siku nne au zaidi inataka spea mbili. Nunua pia pampu ya umeme inayobana moja kwa moja kwenye betri (zile za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari huchoka mapema kwenye tairi kubwa), geji ya upepo, vijiti vya mpira vya kuzibia pancha, na kipande cha ubao kinene cha kuweka chini ya jeki mchangani.

Pampu ni ya lazima kwa sababu upepo utaubadilisha mara kwa mara. Anza na kipimo cha kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi la mwili mzito kwa kawaida huhitaji kuzidi hapo kidogo. Kwa gari la ukubwa wa Prado, kwenye barabara yenye mikunjo kama bati shuka hadi paundi 26 au 28, na kwenye mchanga wa korongo hadi 18 au 20, ukienda taratibu bila kukata kona kwa nguvu. Ukirudi kwenye lami, simama pembeni ujaze kabla ya kuongeza mwendo, maana tairi laini kwenye mwendo mkali huchemka na kupasuka.