Kumpima mtoto wa miaka minne ukuaji, Dodoma: uzoefu wangu

Mwalimu wa darasa la awali aliniita akanieleza kwa upole kwamba mwanangu hajibu akiulizwa, haimbi na wenzake, na kwamba huenda ana usonji, yaani hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na mahusiano. Nilimpeleka kwenye kitengo kimoja cha tiba kazi (tiba ya kumsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) hapa mjini, tukiongozana na mama mkwe.

Kabla ya kumgusa mtoto, mtaalamu aliomba kadi ya kliniki, kisha akanihoji kwa takriban nusu saa: uzazi ulikwendaje, alikaa na kutembea lini, masikio yamemsumbua mara ngapi, na nyumbani anaongea lugha gani na nani. Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwaamini, kwa kuwa mtoto alilelewa na bibi yake, ndiye huyo mama mkwe, huko Chamwino hadi miaka mitatu na nusu, na bibi huyo huongea naye Kigogo tu.

Upimaji wenyewe ulifanana na mchezo. Alijenga kwa vibao, akatumbukiza maharage kwenye chupa, akanakili duara, akasimama kwa mguu mmoja. Walitumia kipimo kilichotengenezwa Malawi na kuchapishwa mwaka 2010, chenye vipengele 136 vinavyohusu misuli mikubwa, misuli midogo, lugha na mahusiano. Ilipofika zamu ya lugha, mama mkwe aliombwa aulize kwa Kigogo, na maneno ya lugha zote mbili yakahesabiwa pamoja. Mtoto aliyekuwa bubu darasani akasimulia habari za mbuzi hadi tukacheka.

Hata hivyo hawakuishia hapo. Matamshi yake yalikuwa na kasoro katika lugha zote mbili, hivyo wakampeleka kupimwa masikio, na huko akakutwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Kuhusu usonji walisema wazi kwamba kipimo hiki huonyesha mtoto amefikia wapi, wala hakitaji ugonjwa.

Lawama zangu ni mbili. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza kitupu, ikabidi nimtafsirie mama mkwe, ambaye ndiye aliyefanya nusu ya kazi. Pia siku hiyo hapakuwa na mhudumu anayejua Kigogo, tena Dodoma! Asiye na bibi wa kuongozana naye angeandikiwa nini? Kwa hiyo ukienda, nenda na yule anayeshinda na mtoto.

Tumepangiwa kurudi baada ya miezi mitatu, masikio yakiwa yametibiwa, arudie sehemu ya lugha tu.