Mlima wa Kericho ulikuwa unanichemshia gari, hadi nilipompata fundi anayepima kwanza

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayotafuta. Kupima mfumo mzima wa maji, shilingi 1,000. Kifuniko cha rejeta (tangi la mbele linalopoza maji ya injini), 800. Thamostati (kilango kinachofungulia maji njia ya kwenda rejeta injini ikipata moto), 1,600. Kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) lita tano, 2,500. Kazi ya mikono, 1,500. Jumla 7,400. Kabla ya hapo fundi mwingine alikuwa ameniambia nitafute 38,000.

Mimi hununua omena na samaki wa kukausha Kisumu nikauza Nakuru, mara mbili kwa wiki, kwa gari dogo la mizigo lenye injini ya cc 1500. Nikirudi nabeba viazi vya Molo. Tambarare ya Kano haina neno: Ahero, Awasi, mshale wa joto umetulia mahali pake. Taabu huanza ukishaipita Awasi, barabara inapoanza kupanda kwenda Kericho. Gari likiwa na mzigo, mshale ulikuwa unanyanyuka polepole, na nikifika Kapsoit unakaribia alama nyekundu. Dawa yangu ilikuwa kuzima esi (kiyoyozi), kuwasha hita hadi mwisho na kushusha vioo vyote. Hita huchukua joto la injini na kulimwaga miguuni mwako, kwa hiyo inasaidia kweli. Lakini kumbukeni nyuma kuna omena. Nilikuwa nafika Kericho nimepikika pamoja nazo.

Siku moja hita nayo ikashindwa. Mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, nikaegesha. Mpwa wangu, ambaye husafiri nami, alikuwa ameshakunja kitambaa mkononi ili afungue kifuniko. Nilimvuta shati hadi kifungo kikang'oka. "Shangazi, si tuongeze maji tu?" Maji yaliyofungiwa na presha yakiachiliwa yakiwa moto hivyo hurukia uso, na uso haununuliwi dukani. Tulikaa kando ya barabara karibu saa nzima tukihesabu malori.

Fundi wa kwanza alikuwa Nakuru. Maelezo yote alimpa mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa asiye na leseni, na mwenye gari nimesimama hapo hapo. Alichomoa thamostati akasema, "Hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi." Nadhani kila mwenye gari Kenya ameshaambiwa hivyo. Matokeo: asubuhi injini inachelewa kupata moto, petroli inaisha haraka, na mlimani bado linachemsha. Wa pili alitazama mapovu kwenye rejeta, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta maneno, akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, imeungua na lazima injini ifunguliwe. Hakupima kitu.

Huyu wa tatu yuko Kisumu, upande wa Kibuye. Gereji yake haina kibao. Nilielekezwa na mwenzangu wa sokoni. Nilifika saa nne asubuhi, injini ikiwa moto, na jambo la kwanza aliloniambia lilinikera: "Mama, tafuta kivuli. Sigusi mpaka ipoe." Nikangoja karibu saa mbili. Alipolirudia gari hakushika spana. Aliinama, akabonyeza mpira wa juu wa rejeta, akaniita nione.

Mpira ulikuwa umebonyea ndani, kuta zake mbili zinakaribia kugusana, kama chupa ya plastiki ukiifyonza hewa. Na kile kijitungi cha maji ya akiba kando yake kilikuwa kimejaa hadi mdomoni. "Maji yametoka lakini hayarudi," akasema. "Yakipoa yananywea, yanataka kurudi, mlango umekwama."

Mlango wenyewe ni kifuniko cha rejeta. Miaka yote nilidhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kumbe kina vali mbili: kubwa yenye springi, inayoshikilia presha mpaka kipimo kilichoandikwa juu yake, na nyingine ndogo katikati, ya kuruhusu maji yarudi kutoka kwenye kijitungi injini inapopoa. Alikifunga kwenye pampu ndogo ya mkono yenye geji. Kimeandikwa 1.1, yaani presha ya bar 1.1, kikaachilia hewa kabla ya kufika 0.4. Kisha akafunga pampu kwenye rejeta yenyewe, akapandisha hadi 1.1 na kwenda kunywa chai. Aliporudi sindano ilikuwa pale pale. Kwa hiyo hakuna mahali maji yanapovuja.

Nikamwambia habari za gasketi. Akaleta kichupa chenye dawa ya buluu, akakisimamisha kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma, akawa anavuta hewa ya humo ipite kwenye dawa. Moshi wa silinda ukiwa unapenya kwenye maji, dawa hugeuka manjano. Ilibaki buluu. Nilikuwa nimeikodolea macho kama ninayesubiri matokeo ya mtihani wa mtoto.

Alinieleza kwa mfano wa sufuria ya presha inavyoivisha maharagwe. Kisumu, mita kama 1,130 juu ya bahari, maji matupu huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Kericho, kwenye mita 2,000, ni kama nyuzi 93. Injini yenye mzigo mlimani hufika huko bila kuwa na ugonjwa wowote. Kifuniko kizima kikishika presha, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Changu hakikushika, na humo ndani nilikuwa nimejaza maji ya bomba tu. Basi kadiri nilivyopanda, ndivyo maji yalivyochemka mapema. Mvuke hauwezi kupooza injini kama maji, na hapo ndipo mshale ulipokuwa unakimbia.

Na thamostati? Alicheka. Kwenye injini kama hii, ikifunguka pia huziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji moto hurudi injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani ile "tiba" ya Nakuru ilikuwa imeniongezea ugonjwa.

Alisafisha mfumo mpaka maji yaliyokuwa yakitoka kama chai ya maziwa yakawa meupe, akarudisha thamostati mpya, akachanganya kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Pua ya gari aliipandisha kwenye mawe ili hewa itoke, hita ikiwa imewashwa, mpaka mapovu yakaisha.

Kasoro zake ni hizi. Hatoi risiti, ni lazima uandike mwenyewe. Simu hapokei akiwa kazini, na yuko kazini muda wote. Klipu moja ya mpira wa chini aliiacha imelegea. Niliona tone chini ya gari nikiwa Ahero, nikageuza. Aliikaza bila malipo, lakini hakusema pole, alisema tu "Eeh, hiyo." Kwangu ni nyota nne.

Ukienda, gari lilale hapo jirani ufike kabla injini haijawashwa, vinginevyo ni kukaa kivulini kama mimi. Safari ya kwanza baadaye nilipanda na magunia yote, esi inafanya kazi, vioo vimefungwa. Pale Kapsoit mpwa wangu aliinama kuutazama mshale, akarudi kwenye kiti, akalala.