Mtungi wa kuzimia moto wa kilo 2: miezi 11 ukutani, sekunde 8 kazini

Mimi ndiye ninayekusanya hela za LUKU kwenye nyumba yetu ya kupanga hapa Nkuhungu, Dodoma, kwa hiyo nikizungumza habari za michango naomba niaminiwe. Vyumba saba, meta moja, kibaraza kimoja cha kupikia, bomba moja uani, geti moja. Kumtoa mtu 5,000 ya umeme anaoutumia kila siku ni kazi. Sasa mwambie atoe 8,000 ya mtungi mwekundu ambao wote mnaomba Mungu usitumike. Ilinichukua wiki tatu. Kijana wa bodaboda, chumba cha tano, alitoa wa kwanza. Kaka wa chumba cha nne akasema yeye hana jiko, anakula kwa mama lishe, moto wake utatokea wapi? Nikamwuliza lile hita analotumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga linatumia nini, mvua? Akatoa.

Jumla 56,000. Mtungi wenyewe, wa unga mkavu, kilo 2, niliupata kwa 52,000 mjini, Septemba mwaka jana. Chenji ikaishia kwenye ndoano na skrubu, risiti ninayo.

Muuzaji nampa alama zote. Kwanza aliuliza kama naupeleka kwenye gari au nyumbani, na kama tunapikia gesi. Akanionesha kisaa kidogo shingoni mwa mtungi: mshale ukikaa kwenye kijani mambo ni mazuri, ukishuka kwenye nyekundu umetundika chuma chakavu. Nikaomba nijaribu kidogo. Akacheka: "Dada, ukijaribu umeshatumia." Kumbe unga ukipita kwenye vali hata mara moja, chembe zake zinabaki pale, vali haifungi sawasawa, presha inavuja taratibu. Hata ukitumia robo, unaurudisha kujazwa. Hilo sikulijua, na nimeshaona watu wanaujaribu kwenye moto wa takataka halafu wanautundika tena wakijisifu.

Kilichonikera ni maelezo ya ubavuni: Kiingereza na Kichina. Anayekaanga pale kibarazani ni mama mapacha, naye anasoma Kiswahili. Nikachukua karatasi na peni nene: VUTA PINI. LENGA CHINI KABISA YA MOTO. BINYA. PELEKA KUSHOTO, RUDI KULIA. Nikaibandika kwa selotepu.

Pa kuutundika ndipo palipotuchonganisha. Mpwa wa mwenye nyumba, ambaye ndiye msimamizi, alitaka ukae chumbani kwake usije ukaibiwa. Yaani nyumba inaungua, tunaanza kumtafuta yeye. Mimi nilitaka ukae kibarazani, juu ya majiko. Mwanafunzi wa Chuo cha Mipango, wa chumba cha pili, akaniuliza kwa upole: "Dada, jiko likiwaka utaufikiaje?" Niliona aibu. Tukautundika kwenye korido, karibu na mlango wa kutokea uani, usawa wa kifua, ili mtu auchukue akiwa na njia ya kukimbilia mgongoni mwake.

Ukakaa. Kila nikikusanya hela za umeme nautazama mshale na kuupangusa vumbi, maana vumbi la Dodoma haliheshimu hata vifaa vya uokoaji.

Juni ndipo tulipopata dharura yetu ya kwanza, na mtungi haukuhusika. Wanaoijua Dodoma wanajua upepo wa usiku wa Juni. Kijana wa bodaboda alirudi anatetemeka, akaingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa taulo. Saa nne usiku mwanafunzi akamsikia anatapika. Tulipomfungulia alikuwa amekaa chini, anasema kichwa kinapasuka na miguu haina nguvu. Chumbani hakukuwa na moshi wala harufu yoyote. Ile hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, na mtu akishalala ndiyo basi. Tulimburuta uani kwenye hewa, tukaita bajaji. Bajaji ikafika getini. Geti lina kufuli. Ufunguo uko kwa msimamizi. Msimamizi yuko Bahi, msibani.

Madirisha yetu yote yana nondo za kuchomelea. Ukifunga lile geti, nyumba nzima ni chupa yenye kizibo. Nilisimama pale na khanga moja, nikamshikia fundi wa chumba cha saba tochi ya simu huku akipiga kufuli kwa nyundo, na nyuma yangu kijana anakoroma vibaya. Kufuli lilikatika. Hospitali alikuta oksijeni, kesho yake jioni alirudi akitembea mwenyewe. Mtungi ulikuwa ukutani umenyamaza, mshale kwenye kijani.

Mwenye nyumba alipokuja mwisho wa mwezi nilimwamkia vizuri, shikamoo, na mbukwenyi ya Kigogo juu yake. Akaitikia, akauliza kufuli linalipwa na nani. Nikamwambia mzee, linalipwa na yule ambaye leo angekuwa anapokea polisi hapa. Akanyamaza kidogo, akasema wezi. Tukakubaliana ufunguo wa pili utundikwe msumarini pembeni ya mtungi, ndani, mbali na mkono wa mtu aliye nje. Nilitaka komeo la ndani lisilohitaji ufunguo kabisa. Sijalipata, naendelea kulidai.

Sasa moto wenyewe. Jumamosi moja mwanzoni mwa Agosti, siku ya tatu ya mgao wa maji. Mama mapacha ameweka karai la mafuta kwenye mtungi mdogo wa gesi, ule wa jiko kukaa juu yake, anakaanga maandazi ya oda. Mara sauti uani: "Maji yametoka!" Nyumba yote ikatoka na ndoo, na yeye akatoka. Ni nani angebaki? Tuliporudisha macho, karai lilikuwa linawaka hadi kwenye bati.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa kaka wa chumba cha nne na ndoo yake ya maji. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga. Maji kwenye mafuta yanayowaka yanageuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta juu, nyumba ingekuwa imekwisha. Akasimama. Kijana wa bodaboda akawa ameshautwaa mtungi, lakini pini haitoki. Alikuwa anaibinya mikono ya mtungi huku anavuta, na ukiibinya pini inang'ang'ania. "Achia! Vuta kwanza!" Ikatoka. Kosa la pili: alisogea mno, pumzi ya kwanza ikayarusha mafuta. Akarudi nyuma hatua tatu, akapuliza chini, kushoto, kulia. Nilihesabu kama sekunde nane hivi, mtungi ukaisha na moto ukaisha. Sina hakika kipi kilitangulia.

Gesi ilikuwa bado inatoka, na moto umezimwa, jambo ambalo lina hatari yake. Mwanafunzi aliloweka khanga, akafunga vali, wakaubeba mtungi wa gesi nje. Gesi hii ni nzito, inalala chini sakafuni, kwa hiyo nilikataza mtu kugusa swichi yoyote mpaka korido ipigwe na upepo.

Mama mapacha alikuwa ameungua mkono alipojaribu kuliondoa karai. Mmoja akaja mbio na dawa ya mswaki. Nikamrudisha nayo. Mkono ukakaa chini ya bomba dakika ishirini, huku foleni ya ndoo ikinung'unika kwamba maji yatakatika. Yakatike basi. Halafu khanga safi, bajaji, hospitali.

Na 114? Mwanafunzi aliwapigia zimamoto mapema, wakamwuliza yuko wapi. "Nkuhungu, nyuma ya duka la…" Hakuna aliyejua namba ya nyumba yetu, na kibao cha anwani ya makazi kipo ukutani tangu 2022, kimefunikwa na bango la vocha. Siku hiyohiyo nililing'oa bango, nikaandika jina la mtaa na namba ya nyumba kwenye ile karatasi yangu ya mtungi, chini yake 114.

Tathmini, basi. Unafanya kazi yake. Kwa kilo 2 unapata nafasi moja tu, usitegemee ya pili. Kwa vyumba saba ningechangisha wa kilo 6 kama ningekuwa na moyo wa kuchangisha. Unga unaingia kila mahali: tulifagia siku mbili, redio ya mama mapacha imekufa, maandazi ya oda yalikuwa meupe kama ya harusi. Na nikiwa mkweli, mfuniko wa lile sufuria letu kubwa la pilau, ukisukumwa taratibu juu ya karai wakati moto bado mdogo, ungemaliza kazi bila kutumia hata shilingi. Sasa nao umetundikwa kibarazani, upande wa mlangoni.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya Kichina.

Kujaza upya ni 21,000, yaani 3,000 kwa kila chumba. Vyumba sita vimetoa bila neno. Chumba cha nne anasema yeye alikuja na maji yake.